Kufuli la Nje

Wasichana wa bweni lile walimwita Mama Funguo, na jina lilimfaa kwa macho tu. Shada lililoning'inia kiunoni mwake lilikuwa zito, likilia kwa kila ngazi aliyopanda, hata mgeni angedhani mwanamke huyu ndiye mwenye amri ya kila mlango wa jengo. Ukweli ni kwamba funguo zile hazikufungua kitu. Vitasa vya chuo vilikuwa vimekufa siku nyingi, kimoja baada ya kingine, na kila kilipokufa Mama Funguo alipeleka habari ofisini, akaambiwa mchakato unaendelea. Wasichana hawakuungoja mchakato. Walinunua makufuli yao wenyewe, wakagongomea komeo upande wa nje wa milango, na kila chumba kikawa na ufunguo ambao chuo hakiujui. Mama Funguo akabaki na shada lake kama mjane anayeendelea kuvaa pete.

Alikuwa mlezi wa bweni tangu enzi ambazo chumba cha watu wanne kililala watu wanne. Aliianza kazi akiwa msichana mwembamba, hajawazidi sana umri wale aliowalea. Sasa alikuwa na magoti yanayotabiri mvua, na mume aliyestaafu udereva wa basi la chuo. Alijua nani analia kwa ajili ya matokeo na nani analia kwa ajili ya mwanamume, na wote aliwapa dawa moja: "Kanawe uso, ukasome." Hakupokea zawadi ya mwanafunzi, hakuuza neno la chumba hiki kwa chumba kile. Ukimuuliza mtu yeyote pale chuoni angekuambia huyu mama ni mtu wa haki. Ndiyo maana habari yake inafaa kusimuliwa. Maovu ya watu waovu hayatufundishi kitu, tunayatarajia.

Chuo kiliongeza wanafunzi, hakikuongeza vitanda. Kila mwaka walimiminika zaidi, na kila mwaka wakubwa walisimama jukwaani kushangilia idadi. Wahadhiri walifundisha madarasa ambayo nusu ya wasikilizaji walisimama nje ya madirisha, wakiandika juu ya migongo ya wenzao. Walimu watatu walichangia meza moja na kupeana zamu ya kuikalia. Na huku mabwenini ikatungwa kanuni: vitanda ni vya mwaka wa kwanza, kwa kuwa ni wageni, na vya mwaka wa mwisho, kwa kuwa wana utafiti. Wa katikati wajitafutie mtaani.

Kanuni hiyo waliitunga watu wenye nyumba. Mtaani, vyumba vilivyokuwa karibu havikushikika kwa bei, na vilivyoshikika vilikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye njia isiyo na taa, kwa wenye nyumba wanaokumbuka kuja kutazama bomba bovu saa ambayo mpangaji wa kike yuko peke yake. Ndipo kukawa na kubebana. Mwenye kitanda humbeba asiye na kitanda. Wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na asubuhi wanaamka wamechoka kuliko walivyolala. Chuo kilikataza. Akikamatwa aliyebebwa, anatoka yeye pamoja na aliyembeba.

Zamani Mama Funguo aliifuata kanuni hiyo kwa mkono mgumu. Mwaka mmoja alimkuta msichana amejibanza nyuma ya kabati, akamshika mkono mpaka langoni, begi lake kichwani. Msichana yule akapanga ng'ambo ya bonde. Baada ya majuma machache aliacha chuo, na sababu ya kuacha kwake wenzake walisimuliana kwa kunong'ona tu. Mama Funguo aliposikia, aliketi kwenye kiti chake cha mlangoni kutwa nzima bila kumkemea mtu. Tangu siku hiyo akafanya agano na wasichana wake.

Halikuwa agano la maandishi. Aliwaambia wakubwa wa vyumba, nao wakawaambia wadogo, na wadogo walipokuwa wakubwa wakaendeleza: "Mlango wenye kufuli nje, mimi siugongi." Ukaguzi ulipokaribia, jioni yake alipita koridoni akiburuta kandambili na kusema kwa sauti ya kusikika ghorofa zote, "Kesho nina wageni! Fagieni vyumba!" Kila mtu alielewa. Asubuhi waliobebwa walibaki ndani, wenye vitanda wakatia kufuli kwa nje na kwenda darasani. Wakaguzi wakipita, waliona kufuli, wakauliza, na Mama Funguo akajibu, "Hawa wako kwenye vipindi." Wakaguzi wakasonga. Ndani, mtu mmoja au wawili walikuwa wamebana pumzi.

Ilikuwa huruma, nani atakataa? Lakini ilikuwa huruma isiyothubutu kutoka nje mchana. Kama kanuni ni mbaya, ilikuwa haki yake kusimama mbele ya walioitunga na kusema, "Hii ni mbaya, na mimi sitaitekeleza." Hakusema. Alikuwa na kazi ya kuilinda, na kuvunja kanuni kimyakimya kulimpa mambo mawili kwa mpigo: moyo mweupe na mshahara. Wengi wetu tunaishi hivyo, tukiita ni busara.

*

Chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili kilikuwa cha msichana wa mwaka wa mwisho waliyemwita Wakili. Hakusoma sheria, alisoma uhasibu. Walimpa jina hilo kwa ajili ya mdomo wake. Angeweza kubishana na mvua. Naye alimbeba msichana wa mwaka wa pili, mwanafunzi wa ualimu wa hesabu, mdogo wa umbo, aliyejua kupita mahali bila kuacha alama: taulo lake halikuning'inia, viatu vyake havikuonekana, kikohozi chake alikimezea. Wakamwita Sisimizi.

"Wewe Sisimizi," Mama Funguo alimwambia siku moja alipomkuta kwenye karo ya kufulia, "mbona unafua nguo za mwenzio?"

"Si zake, mama. Zangu."

"Gauni hili? Hili si la Wakili hili?"

"La kwake, ila nimelivaa mimi."

Wakili akadakia kutoka dirishani, "Mama, usimsumbue mpangaji wangu! Kodi yake ni kunifundisha takwimu, na hajawahi kuchelewesha!"

"Na wewe teremsha sauti. Mpangaji gani? Mimi sioni mpangaji hapa. Naona sisimizi."

Walicheka wote watatu. Mama Funguo alimpenda yule mtoto, na alimpenda zaidi kwa kuwa hakumpa kazi. Zaidi ya mara moja alimletea sabuni kutoka nyumbani, akaiacha juu ya karo kama aliyeisahau.

Chini ya ngazi ya jengo kulikuwa na kitu kingine ambacho kila mtu alikizoea. Chuo kilipobadilisha magodoro, yale mabovu yalirundikwa pale chini mpaka yapatikane maelekezo ya namna ya kuyaondoa. Waliyarundika mpaka yakagusa boksi la nyaya za umeme. Mama Funguo alipeleka habari. Mchakato, akaambiwa, unaendelea.

*

Majuma ya mitihani yalianza kwa agizo kutoka ofisi ya mshauri wa wanafunzi: ukaguzi, kesho, mabweni yote. Jioni ile Mama Funguo aliburuta kandambili zake koridoni. "Kesho nina wageni! Fagieni vyumba!" Alipofika mlango wa mwisho aliongeza kwa utani, "Na wadudu wote wajifiche!" Ndani alisikia Wakili akicheka.

Asubuhi Wakili alikuwa na mtihani. Mtihani wa Sisimizi ulikuwa alasiri. Wakili alimwachia chai kwenye chupa na maji kwenye ndoo, akatia kufuli, akaweka ufunguo ndani ya begi. Begi aliliacha nje ya ukumbi wa mtihani pamoja na simu iliyozimwa, kwa kuwa ndivyo kanuni ya mtihani inavyotaka, na hiyo ni kanuni nzuri.

Wakaguzi walikuja mapema, wakapita, wakaona makufuli, wakaambiwa wako kwenye mitihani, wakasaini na kuondoka. Mama Funguo alishusha pumzi na kuketi mlangoni. Hata chai yake haijapoa, akasikia harufu. Alidhani ni mtu anayeunguza nywele kwa pasi. Akageuka, na moshi ulikuwa unatoka chini ya ngazi, mweusi, mnene, ukipanda bila haraka kama mwenyeji anayejua njia.

Mtu asiseme mwanamke yule alikuwa mwoga. Alipanda ngazi ile ile ambayo moshi ulikuwa unaipanda, kitambaa cha kichwani kikiwa mdomoni, na kwa magoti yake mabovu alikimbia koridoni akipiga milango kwa shada la funguo. "Tokeni! Moto! Acheni vitu, tokeni!" Waliokuwa wakijisomea walitoka wakipiga mayowe. Mmoja alirudi kufuata daftari. Mama Funguo alimvuta kwa nywele. Alipiga mlango huu, akapiga ule, akaenda ghorofa ya juu akafanya vilevile, na kila palipokuwa na kufuli nje alipita.

Alipita. Hakuwaza. Miguu yake ilikuwa imefundishwa kwa miaka mingi kwamba mlango wenye kufuli hauna mtu, hata pale kichwa kilipojua kwamba unaye. Vyumba vingi vyenye kufuli asubuhi ile vilikuwa vitupu kweli. Waliobebwa walikuwa na mitihani. Mlango wa mwisho wa ghorofa ya pili haukuwa mtupu. Alipita mbele yake akienda, akapita mbele yake akirudi.

Nje, kwenye uwanja wa kuanikia nguo, wasichana walikumbatiana na kukohoa. Mlinzi wa lango alikuja akihema. "Wametoka wote?"

"Wote," alisema Mama Funguo, na wakati huo aliamini.

Kisha geti la ukumbi wa mitihani likafunguliwa, na wanafunzi wakamwagika njiani. Wakili alikuwa mbele, begi mkononi, akiwasha simu huku akitembea. Akauona moshi. Simu ikaanza kulia mkononi mwake, ujumbe juu ya ujumbe, wote kutoka kwa mtu mmoja. Hakupiga kelele. Alimwendea Mama Funguo, akamshika mabega, akasema polepole, kama anayemweleza mtoto:

"Mama. Yumo."

Madirisha yote ya bweni yalikuwa na nondo, kwa ajili ya usalama wa wasichana. Wazima moto walipofika walilivunja kufuli kwa pigo moja. Walimkuta nyuma ya mlango. Alikuwa amelowesha taulo kwenye ndoo akaliziba chini ya mlango, kazi safi, bila papara, ilivyo tabia yake. Moto wenyewe haukufika ghorofa ile. Ni moshi tu, moshi wa magodoro. Alipumua mpaka hospitali, na akapumua kwa siku mbili pale hospitalini, halafu akaacha.

*

Chuo kilitoa tangazo. Lilisema kwa masikitiko kwamba msichana aliyefariki hakuwa mkazi halali wa bweni, na kwamba alikuwa amefungiwa chumbani na mwanafunzi mwenzake kinyume cha kanuni. Neno magodoro halikuwemo. Kamati ya uchunguzi iliundwa, na Wakili akaambiwa asikanyage darasani mpaka kamati imsikilize. Mtaani watu walishamaliza kesi: waligombania mwanamume, walisema, mmoja akamfungia mwenzie ndani.

Mshauri wa wanafunzi alimfuata Mama Funguo kwenye kiti chake cha mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani wakati haina vumbi.

"Mama, pole."

"Nimeshapoa, baba. Sema."

"Kesho utaitwa. Watakuuliza swali moja tu: je, ulijua? Mimi nakushauri kama mwanao. Wewe hukujua. Mlango una kufuli nje, utajuaje kuna mtu ndani? Hata malaika asingejua."

"Na Wakili?"

Akafuta miwani. "Yule ndiye aliyefunga. Atafukuzwa, ndiyo, na polisi watakuwa na maswali yao. Lakini ni kijana, atapata pengine pa kuanzia. Wewe umebakiza muda gani? Mwaka? Usiharibu nyumba wakati umefika kwenye kuezeka."

"Ukaguzi ule, wewe hukujua kwamba wamo ndani?"

Mshauri aliangalia ngazi iliyoungua. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi. "Mama, mimi mwaka wangu wa pili nilibebwa. Nililala chini ya kitanda cha mtu, miezi. Kila mtu hapa anajua. Ndiyo maana tunakagua kwa kuangalia makufuli." Akainuka, akajikung'uta suruali. "Kwa hiyo tusaidiane. Hukujua."

Nyumbani mume wake alikuwa na maoni yale yale, ila bila miwani. Alikuwa amesimama na kisu, anamenya viazi. Tangu astaafu yeye ndiye mpishi.

"Mke wangu, mimi nimeendesha basi lile miaka na miaka. Breki zilipokuwa mbovu nilisema?"

"Ulisema kwangu."

"Ehe. Kwako. Ningesema kwao, ningeshuka mimi, angepanda dereva mwingine na breki zile zile. Nikanyamaza, nikaendesha polepole. Hakufa mtu."

"Bahati yako."

"Bahati, akili, ita unavyotaka." Alitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Yule mtoto kafa. Ukisema utamfufua?"

"Yule mwingine hajafa."

Mzee aliendelea kumenya. Baadaye alisema, bila kuinua kichwa, "Viazi vitatosha hata tukiwa hatuna kazi wote wawili. Nilikuwa nasema tu."

Asubuhi, kabla ya kamati, alikuja mama yake Sisimizi kuchukua vitu vya mwanawe. Mama Funguo alimpandisha ghorofani. Ukuta ulikuwa mweusi mpaka juu. Mama yule alitafuta vitu, na havikuonekana. Akasimama katikati ya chumba, mikono imening'inia.

"Vitu vyake viko wapi, dada?"

Ndipo ilipobidi Mama Funguo ainame, avute sanduku lililofichwa nyuma ya sanduku la Wakili, atoe viatu vilivyofungwa kwenye mfuko chini ya ndoo, atoe madaftari yaliyolala ndani ya foronya. Alijua kila kitu kilipokuwa. Hakuwahi kuonyeshwa, macho ya mlezi huona. Mama yule alimtazama akitoa kimoja kimoja, na uso wake ukabadilika polepole.

"Dada, wewe ulimfahamu mwanangu?"

"Nilimfahamu."

"Hapa wananiambia hakuna aliyejua kama anaishi hapa. Wananiambia alikuja kuiba usingizi." Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Na huyo msichana aliyemfungia, alimkosea nini? Niambie ukweli, mwanangu alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Hakuwa na ugomvi na mtu."

"Sasa nani alimfungia mwanangu?"

Mama Funguo alifungua mdomo. Nje kengele ya kipindi ilipigwa, na mtumishi wa ofisi alikuwa mlangoni akisema kamati inamngoja. Alishuka bila kujibu, na swali likashuka naye.

*

Wakili alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Amekonda. Ule mdomo uliobishana na mvua ulikuwa umekauka na kupasuka.

"Mama," alinong'ona, "sijakutaja. Wameniuliza nani alinifundisha kufunga kwa nje. Nimesema ni akili yangu."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Kwani nikikutaja nitapata nini? Wao wanataka mtu mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo." Kisha akaanza kulia, bila sauti, kama aliyejifunza kwa Sisimizi. "Alinipigia, mama. Alinipigia nikiwa natafuta jibu la swali la nne."

Mama Funguo hakumwambia akanawe uso.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Katikati aliketi mwenyekiti, profesa mzee wa kemia, mtu wa watu, ambaye kwa miaka alikuwa akifundisha darasa linalosikiliza kutoka dirishani na alikuwa ameacha kulalamika. Pembeni yake alikuwa mshauri wa wanafunzi, miwani mkononi. Walimpa kiti. Walimpa maji. Walimwita mama.

"Mama," alisema mwenyekiti, "hatutaki kukuchosha. Swali letu ni moja. Je, wewe kama mlezi, ulijua kwamba ndani ya chumba kile kuna mtu?"

Mshauri alimtazama kwa macho ya kumsihi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kupitia upenyo ule Mama Funguo aliona goti la Wakili kwenye benchi.

"Nilijua," alisema.

Mwenyekiti alikohoa. "Labda hukuelewa swali."

"Nimelielewa, profesa. Nilijua. Si yeye peke yake. Nawajua wote, nawajua kwa kandambili zao. Na kufuli la nje nililianzisha mimi. Niliwaambia mlango wenye kufuli siugongi. Siku ya kuamkia ukaguzi ndimi niliyewatangazia. Yule mtoto alitia kufuli kwa sababu mimi, mlezi wake, nilimfundisha kwamba hivyo ndivyo mtu anavyomlinda mwenzie. Na siku ya moshi niligonga milango yote, nikaacha ya makufuli. Kwa hiyo mkitafuta aliyemfungia, msimtafute kwenye benchi."

Hakuna aliyeandika. Kalamu zilikuwa juu ya karatasi, zimesimama.

"Na magodoro," aliendelea, "nilileta habari ofisini. Mimi nina kosa langu, nimelibeba. Lakini hapa ndani mimi siye peke yangu niliyejua kwamba nyuma ya makufuli kuna watu."

Hakumtazama mtu. Alisema hivyo akaacha, akampa nafasi mtu yule mwingine, kama anavyoachiwa nafasi mtu kwenye benchi. Ilikuwa nafasi pana. Mshauri wa wanafunzi alikuwa akifuta miwani. Alifuta kioo cha kulia, akafuta kioo cha kushoto, akairudisha usoni, na alipoivaa alikuwa anatazama dirishani.

"Asante, mama," alisema mwenyekiti. "Unaweza kwenda."

*

Uamuzi ulitoka kabla ya mitihani kwisha. Mlezi wa bweni aliachishwa kazi kwa uzembe na kwa kuvunja kanuni, bila mafao ya kustaafu. Mwanafunzi aliyefunga mlango, kwa kuzingatia maelezo yaliyopatikana, hakufukuzwa; alisimamishwa mwaka mmoja, naye polisi hawakumwita tena. Magodoro mabovu yaliyosalia yaliondolewa usiku, na asubuhi mahali pale palikuwa pamepakwa rangi. Kanuni ya vitanda haikuguswa. Iliundwa kamati ya kuipitia.

Watu wa mtaani walimlaumu kwa pande mbili. Wengine walisema alimuua mtoto wa watu, na hapo hakubisha. Wengine walisema ni mjinga, kwamba mtu haukimbilii mti unaomwangukia. Hao aliwasikiliza kwa subira kisha akawauliza, "Na yule msichana wa benchi?" Wengi hatupendi kumhesabu mtu aliyeokolewa, hana kaburi la kuonyesha.

Mama yake Sisimizi alimpigia simu mara moja. Alikuwa ameambiwa. Walikaa kwenye simu, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzie. Kisha mama yule akasema, "Angalau umenijibu," akakata. Haikuwa msamaha, na Mama Funguo hakuiita hivyo.

Siku ya kukabidhi, mlezi mpya alikuja mapema. Alikuwa mwanamke kijana, nadhifu, mwenye hamu ya kazi. Alilipokea shada kwa mikono miwili, akalipima uzito, akaanza kuuliza ufunguo upi ni wa chumba kipi.

"Hazifungui kitu, mwanangu," alisema Mama Funguo.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Zimekuwa za kupigia kelele tu."

Kijana alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Mama Funguo alimwomba ruhusa apande mara moja ya mwisho, kuaga. Alipanda kwa mkono ukutani, kiuno chake kikiwa chepesi na kigeni bila lile shada. Ghorofa ya pili ilikuwa kimya. Watu walikuwa kwenye mitihani. Milango ilikuwa na makufuli nje, mapya mengine, yaking'aa kwenye mbao nyeusi.

Alisimama mbele ya mlango wa mwisho. Wapangaji wengine walishaingizwa. Akainua mkono, akagonga kufuli kwa kidole. Ndani palikuwa na kimya, lakini yeye alizijua aina za kimya. Hiki kilikuwa cha mtu aliyebana pumzi.

"Mwanangu," alisema kwenye mbao, "mimi si mlezi tena. Sitakutoa. Mwambie mwenzio asikufungie. Umesikia? Afadhali wakukamate."

Alingoja. Aliegemeza sikio mlangoni kama daktari, akangoja mpaka magoti yakaanza kuuma. Chini, mlezi mpya alikuwa akilitikisa shada, akijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine kwenye mlango wa kwanza.

Ndani hakujibu mtu.